Mke wa Timu

Nimeishi Baraka, mji wetu huu wa kando ya ziwa, maisha yangu yote, ukiondoa ile miaka tuliyokimbilia ng'ambo ya ziwa, na nimeona ndoa za kila aina. Nimemwona mtu akimfukuza mkewe asubuhi na kumfuata jioni kwa wakwe, kwa sababu nyumba nzima hakuna aliyejua chumvi inakaa wapi. Lakini mwanamke aliyeolewa na timu ya mpira nimemwona mmoja tu, naye alikuwa jirani yangu. Kati ya ua wake na wangu palikuwa na mstari wa mihogo, na mihogo haizuii maneno.

Sisemi kwa mafumbo. Sisemi kwamba aliupenda mpira kama mume, maneno ambayo watu wa redio hupenda kuyasema. Nasema aliolewa. Mbuzi walitoka, kitenge cha mama kilitoka, jembe la mjomba lilitoka, wazee wakala, wakanywa, wakabariki. Na kwa kuwa aliolewa kwa haki, hakuweza kuolewa na mtu mwingine mpaka timu imwache au ife. Hilo ndilo lililomsumbua miaka mingi, na likanisumbua mimi pia, kwa sababu sijui kunyamaza jirani akionewa.

Tulimwita Gardien, yaani kipa, maana ndiyo kazi aliyoifanya: kwanza kwenye uwanja wa mchanga hapa kwetu, kisha Bukavu, kisha kwa nchi nzima. Jina la ubatizo analo, ila hata mama yake alikuwa ameacha kulitumia. Alizaliwa wapi na ukoo gani, waulizeni wazee. Wao watawahesabia mababu mpaka mlale. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, naeleza nilichokiona.

Nianze na mikono. Ilikuwa mikubwa, na vidole viwili vya kushoto vilivunjika zamani vikaunga vibaya, kwa hiyo akikuonyesha njia ya sokoni ulijikuta umefika kanisani. Ungedhani mikono ile haiachii kitu. Mpira uliopigwa kutoka mbali angeudaka huku anaongea na wewe, lakini sinia la vikombe lilimshinda. Vikombe vya harusi yangu alivimaliza yeye, kimoja kimoja, kila alipokuja kunisaidia wageni, na kila mara alivitazama vipande vile kwa mshangao wa kweli.

"Yaya, kikombe haikuye na nguvu," alijitetea. Aliniita Yaya, dada mkubwa, hata akiwa na makosa. "Kintu inakuya polepole vile, mi nitaikamata namna gani?"

Glavu za timu ya taifa alizitumia kuipulia sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, jikoni. Nilimkaripia, nikamwambia zile ni mali ya nchi. Akasema nchi nayo inakula sombe. Washambuliaji walimjia na viatu vyenye meno naye akajitupa miguuni mwao bila kufumba macho. Kuku akipiga mbawa uani, Gardien alikuwa juu ya kiti anaita watoto wangu waje wamwokoe. Na sauti ile! Ilikuwa imezoea kupanga mabeki, nayo haikujua kupumzika. Sokoni aliwapanga wauza ndakala, dagaa wetu wa ziwani. Kanisani, watu wakiwa kwenye mstari wa kupeleka matoleo, ungesikia kutoka nyuma: "We papa, kushoto! Kushoto! Angalia mugongo yako!" Mchungaji alimwomba akumbuke kwamba wazee wa kanisa si mabeki. Akamjibu kwa heshima zote, "Sasa juu ya nini banaacha nafasi, Pasta?"

Misemo yake watoto wa mtaa waliijua kuliko Mithali. Goli haiingie yenyewe, kuko muntu alilala. Kama unalia mbele ya penalti, nyuma yake utalia na nini? Mimi mwenyewe nimeshawaambia wanafunzi wangu hayo kabla ya mtihani, bila kutaja nilikoyatoa.

Sasa mbuzi.

Gardien alikuwa anamaliza shule wakati Rais wa timu moja ya wanawake ya Bukavu alipomwona kwenye mashindano ya shule akadata. Huyo Rais alikuwa mfanyabiashara, mtu mpana mwenye tai nyembamba. Akaja mwenyewe kumchukua, yeye na kocha na katibu, katika gari moja, kwa ile barabara ya Uvira na Makobola ambayo wakati wa mvua humfanya kila mtu akumbuke sala. Walipofika Nundu, kabla ya kuingia kwetu, akauliza kwa adabu: huku eneo la Fizi, mtu akienda kuwaona wazee, anachukua nini? Wakamwambia kwa wazee hatuendi mikono mitupu, chukua hata mbuzi. Akanunua mbuzi. Kwa wema wa moyo wake akaongeza kitenge kwa ajili ya mama.

Mtu wa Bukavu anajua mengi, lakini hilo hakulijua. Kwetu mwanamume akivaa tai, akafika kwenye nyumba yenye binti mkubwa akiwa na mbuzi kwenye kamba na kitenge kwapani, ameshasema kila kitu. Hana haja ya kufungua mdomo. Mimi nilikuwa jikoni na Gardien, tunachungulia, na nilipowaona wanashuka kwenye gari na yule mbuzi nilishika kichwa.

Waliketishwa kwenye lubunga, kile kibanda cha wanaume, mbele ya Mjomba. Mjomba ndiye aliyemlea Gardien na kumtunza mama yake, na neno lake ndilo lililofunga na kufungua mambo ya nyumba ile.

"Mumekuya juu ya mutoto," akasema Mjomba.

"Ndiyo, Papa. Tunamutaka."

"Atalala wapi?"

"Tuko na nyumba kubwa, Papa. Atalala na benzake."

"Benzake? Muko na bengine?"

"Bako ishirini na bawili," akasema Rais kwa fahari.

Mzee mmoja aliyekaa pembeni akamnong'oneza mwenzake, nasi tukasikia mpaka jikoni: "Huyu ni mutajiri kabisa."

Watu wa mbali wakisikia habari hii hucheka wakidhani Mjomba hakuelewa. Alielewa kuliko wote. Alikuwa amefanya kazi Lubumbashi ujanani, mpira aliujua, na timu aliijua. Alichokikataa ni binti kutoka nyumbani mwake katika gari la wanaume bila jambo lenyewe kuwa na jina. Akawaambia wazi: "Makaratasi yenu mi siijue. Kwetu mutoto mwanamuke anatoka ku nyumba na njia moja. Mumeshaingia mu ile njia na mbuzi yenu. Muendelee." Rais alipong'amua yuko wapi, mbuzi alikuwa ameshachinjwa, na maini yalikuwa mbele yake kwenye sahani. Mtu aliyekula maini ya mbuzi hawezi tena kusema alikuwa anapita tu. Akatuma watu sokoni, wakaleta mbuzi wengine na jembe, na jioni wazee wakabariki.

Gardien alinigeukia pale jikoni. "Yaya, bananiuzisha?"

"Hapana. Banakuozesha."

"Na nani?"

"Na ekipe."

Akafikiri kidogo. "Ni bwana muzuri," akasema. "Hakunywake pombe."

Wote tulicheka wakati ule. Lakini mila ni kitu kizima, huwezi kuchukua mguu mmoja ukaacha mwili. Kwetu mama mkwe haonani uso kwa uso na mkwewe. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Sasa timu nzima ilikuwa mkwe. Mama wa Gardien, mjane mpole ambaye hakuwa na furaha nyingine ila yule mtoto, akawa hawezi kumwona akicheza.

Kuna mwaka timu ile ilishuka Baraka kucheza mechi ya kirafiki na wasichana wa kwetu waliounganishwa na wa Nundu. Mji mzima ulienda. Mama alikuja pia, akaketi nje ya uzio wa matete, akaupa uwanja mgongo. Akanivuta niketi mbele yake, uso wangu kwenye uwanja, nimsimulie. Nami mpira siujui. Mpaka leo sijaelewa kwa nini watu wazima wananyimwa kutumia mikono.

"Banafanya nini?" akauliza.

"Banakimbia, Mama."

"Bote?"

"Yeye hapana. Yeye anasimama."

"Juu ya nini benzake banatumika na yeye anasimama? Sikumulea vile."

"Anachunga goli, Mama. Ni kazi yake. Ah! Ameanguka!"

"Ameumia?"

"Hapana, amejiangusha. Amelala chini. Amekumbatia mupira."

Mama akavuta kitenge kichwani. "Mbele ya bantu?" akanong'ona.

Baadaye wachezaji wa akiba, watoto wenye adabu, wakaja kumsalimu mama wa mwenzao wakiwa na jezi zao. Akaziona jezi, akainuka, akatokomea kwenye mihogo ya watu, nikamtafuta mpaka mechi ikaisha. Nilimkuta ameketi kati ya mashina anafuta macho. "Nilisikia banaita mutoto yangu," akaniambia. "Bantu bote." Niliona uchungu, na sitaficha, nilimchukia Mjomba siku ile.

Kisha nchi ikamwita. Barua ya Kinshasa ilimtaka kipa wa Bukavu ajiunge na timu ya taifa, na Mjomba akakutanisha wazee kuuliza swali ambalo waziri yeyote wa michezo angelikimbia: mke wa mtu anaitwaje na nchi nzima? Wakabishana mpaka jua likainama. Mwishowe Mjomba akapata ufumbuzi. Taifa si mume mwingine. Taifa ni salongo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu wa kufagia barabara. Mke anaweza kwenda salongo, mradi bwana aruhusu. Rais wa timu akalazimika kutuma neno rasmi kwa Mjomba kwamba bwana ameruhusu.

Ndivyo Gardien alivyoizunguka Afrika, akiwa kwenye salongo. Nilimwonea wivu, nikamngoja kila safari anieleze. Kazi bure. Nchi alizijua kwa nguzo za goli tu. "Kule? Kule nguzo yabo ni chuma muzuri, mupira ikigonga inalia kama kengele." Na nchi ile nyingine yenye bahari? "Nyavu yabo imekazwa sana, mupira inaruka inakurudilia mu uso." Chakula? Hakumbuki. Watu? Walikuwa nyuma ya goli, wanatukana kwa Kifaransa. Wimbo wa taifa aliuimba akiwa amefumba macho, na gazeti moja likaandika kwamba ni uzalendo. Yeye alisema ni jua.

Penalti iliyompa jina ilipigwa huko ugenini, dakika za mwisho, na redio ya Baraka ikatangaza mpaka sauti ya mtangazaji ikakatika. Alipiga mbizi kushoto akautoa mpira kwa vile vidole vibovu. Tulipomuuliza alijuaje upande, alishangaa tena kama mbele ya vikombe. "Yule alikuwa anaangalia kuume yangu sana. Mbuzi ikitaka kuingia mu mihogo yako, haiangaliake mihogo."

Nimesema nilimchukia Mjomba. Niseme na hili, ili haki itendeke. Mwaka mmoja Gardien aliumia goti mazoezini. Msichana mwingine wa timu ile alikuwa ameumia vivyo hivyo kabla yake, akapandishwa lori na mfuko wake na pole nyingi, na hakuna aliyemsikia tena. Habari ya goti la Gardien ilipofika Baraka, Mjomba alichukua wazee wenzake, vikapu vya ndakala na dumu la mawese, akapanda Bukavu. Wakaketi kwenye baraza la duka la Rais.

"Tumesikia bibi yenu iko mugonjwa," Mjomba akasema. "Tumekuya kuona namna munamutunza."

Hawakugomba. Hawakudai. Waliketi tu, wanakula ndakala, na kila mteja aliyeingia aliwasalimu na kuuliza wazee hawa wanataka nini, nao wakamweleza tangu mwanzo, na mbuzi wote. Rais hakuvumilia. Gardien alipelekwa hospitali nzuri, akapasuliwa, akauguzwa, na Mjomba hakuondoka mpaka alipomwona anatembea. Mkataba wake wenyewe, alioutia sahihi kwa wino, haukuwa na neno hata moja kuhusu goti.

Lakini mkono uliompa ndio uliomnyima. Goti lilipopona, timu moja ya nchi ya jirani, yenye uwanja wa majani na basi lake, ikamtaka. Kwa mchezaji wa kwetu hiyo ni bahati inayopita mara moja. Rais alikubali kumwachia, akatuma habari nyumbani, na Mjomba akasimama katikati ya ua akapaza sauti. "Bwana anauzisha bibi yake? Ku bwana mwingine? Na ye anakubali?" Nilikwenda kumsihi. Nikamwambia mpira ni mpira. Akaniambia, "Mwalimu, siku ya goti ulikuwa unasema ni nini?" Gardien alikuwa mtu mzima, angeweza kuondoka. Ila mama yake hakuthubutu kumbariki kinyume cha kaka yake, na bila baraka ya mama Gardien hakuwa mtu wa kuvuka mpaka. Akabaki. Hakulalamika. Alikuwa likizo hapa Baraka wakati huo, na muda wote wa likizo hakumpanga mtu yeyote sokoni. Wauza ndakala waliketi ovyo ovyo, wakaja kuniuliza kama ana homa.

Timu za kwetu hazifi kwa kishindo. Biashara ya Rais iliyumba, uwanja ukachukuliwa ukajengwa nyumba, kocha akapata kazi nyingine, na msimu mmoja hakuna aliyeitwa mazoezini. Timu ya taifa nayo ikaita vijana. Gardien alirudi Baraka na mfuko wake, akaanza kufundisha wasichana kwenye mchanga. Watu walipomuuliza kama bado anacheza, alijibu, "Napumuzika kidogo." Alijibu hivyo mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata tena.

Hapo akatokea Fundi. Alitengeneza injini za mitumbwi ufukweni, mtu mkimya aliyenukia petroli hata siku ya Pasaka. Alimpenda Gardien kwa namna yake, yaani alikuja kuketi uani kwake bila kusema kitu, kuku wakipita anawafukuza. Mimi nilimkubali tangu siku ya kwanza kwa hao kuku tu. Mwishowe akajitia moyo akaenda kwa Mjomba.

"Ni bibi ya bantu," Mjomba akasema.

"Ile ekipe haiko tena, Papa."

"Imekufa?"

"Mi sijue, Papa."

"Kama haujue, ni bibi ya bantu."

Fundi akaja kumuuliza Gardien mwenyewe, mbele yangu, kwa upole: ile timu imekufa au haijafa? Gardien alikuwa ameketi. Akainuka, akachukua shoka, akaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Nikaanza kuelewa kwamba aliyeshikilia ule mlango si Mjomba peke yake. Neno moja tu lilitakiwa, imekufa, na yeye ndiye aliyeshindwa kulitamka.

Nilikwenda kwa Mjomba nikiwa na hasira iliyokaa tumboni tangu siku ya uzio wa matete. Nikamwambia: "Papa, kama ni bwana, na amekufa, basi tumulilie! Tuweke matanga, bantu bakuye, tumalize!" Nilisema kumkejeli. Mzee yule akanitazama, macho yakatulia usoni pangu. "Umesema neno, Mwalimu," akasema. "Kweli hatukumulilia."

Basi timu ya mpira ikawekewa matanga Baraka. Majamvi yalitandikwa kwa Mjomba, mihogo ikatwangwa, na Rais akaitwa kama ndugu wa marehemu. Alikuja. Alikuwa amekonda, tai ni ile ile. Walikuja pia wachezaji wa zamani, kutoka Uvira na Bukavu, wanawake wenye watoto mgongoni, wakicheka tangu njiani. Wakaambiwa wakeshe kwenye jamvi pamoja na Gardien, miguu imenyooshwa, kama wake wenza. Wakaketi wakisukumana. Kwa kuwa maiti haikuwepo, Rais alileta kitu pekee kilichobaki: wavu wa goli, umekunjwa. Ukawekwa katikati. Wavuvi waliokaa nyuma wakaukagua kwa macho, wakanong'onezana kwamba kwa matundu makubwa namna ile hata samaki aina ya mukeke hukamati, ndiyo maana timu imekufa.

Fundi alikuwa ameshauriwa kwamba mtu anayemtaka mjane sharti amlilie marehemu. Alilia kwa bidii iliyowashinda wafiwa. Bibi mmoja akamgusa bega akamwambia awaachie na wengine.

Kisha Mjomba akafuata taratibu. Akamgeukia Rais. "Utuambie ugonjwa. Ilianza namna gani?"

Watu walikuwa bado wanacheka. Rais akasimama, akashika tai. Akasema ilianza na duka. Akasema aliuza gari ili wasichana waende mechi ya Goma, akauza na mashine ya barafu. Akasema siku walipokuja kupima uwanja, alikwenda kusimama kwenye goli ili wasilipime lile eneo, wakamwondoa. Mechi ya mwisho hakuwaambia wasichana kwamba ni ya mwisho. "Nilishindwa," akasema. "Nilibaambia tu, tutaonana Jumatatu." Akaketi, akajifunika uso kwa kitambaa.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mmoja wa wale wanawake wa Uvira alisema polepole kwamba siku ile yeye aliacha viatu vyake chini ya benchi, kwa sababu alijua anarudi. Na hapo Gardien akalia. Nilikuwa nimemjua tangu utotoni, nimemwona na goti limepasuliwa, sijapata kusikia sauti ile. Wenzake wakamwegemea, wakalia wote, na kina mama wa Baraka, ambao hawajui mchezaji wa akiba ni nini, wakalia nao kwa sababu msiba ni msiba. Hata mimi nililia. Mama yake alitoka ndani, bila kujifunika. Mkwe ameshakufa, hakuna tena wa kumkimbia. Akaja akaketi katikati ya wale wachezaji.

Ilibaki swali la mwisho. Mjomba akamuuliza Rais, mbele ya watu, kama upande wa marehemu una ndugu wa kumrithi mjane. Rais, maskini, kwa adabu ile ile iliyomponza tangu Nundu, akajibu: "Iko ekipe ya batoto, Papa. Inatafuta kocha."

Wazee wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Fundi akaacha kulia ghafla. Mjomba akamtazama Gardien. "Unaenda kwa mudogo ya bwana yako, ao unarudia kwetu?"

Gardien akapenga kamasi kwa ncha ya kitenge. "Ule ni mutoto," akasema. "Mi nilikuwaka na mukubwa yake. Amekufa. Minarudia kwetu."

"Bantu bote bamesikia?" akauliza Mjomba. Tukasema tumesikia. Asubuhi tulimpeleka ziwani, tukamwosha, tukamvika kitenge kipya, na njiani kurudi akamwambia mwendesha baiskeli mmoja asogee kushoto.

Fundi alimwoa kabla mvua hazijaanza, wakahamia Nundu kwa sababu ya injini. Sikumwona muda mrefu. Juzi nilikwenda huko kwa mkutano wa walimu, nikamkuta ufukweni ananunua samaki, amenenepa, anabishana. Muuza samaki alikuwa msichana aliyevaa jezi ya mpira juu ya kitenge. Alimkazia macho, akauliza kama si yeye aliyekuwa anadakia nchi, yule ambaye msichana alisimuliwa habari zake na mama yake.

"Ni mimi," akasema Gardien.

"Na juu ya nini uliacha, Mama?"

Nikatafuta kwa macho kama karibu kuna kuni na shoka.

"Sikuacha," akasema Gardien, huku anamgeuza samaki kumtazama mashavu. "Ilikufa. Tuliililia muzuri, tukanawa. Sasa unipatie huyu, na ule wa nyuma yake."